Nilipitisha waya wa internet juu ya dari ya mama mkwe, sasa nyumba imepoa

Wakuu, za saa hizi.

Mimi humu ni msomaji tu. Nacheka kwenye nyuzi za wenzangu, nagonga like, naondoka. Leo zamu yangu ya kuchekwa imefika, na nawaambia mapema kwamba sijaongeza chumvi hata punje. Ningekuwa natunga, ningejitungia pazuri zaidi ya hapa nilipo.

Naandika nikiwa Bigwa, Morogoro, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mwenyewe hayupo. Habari yenyewe ndiyo hiyo, ila ngoja niende taratibu.

Mimi mtu wa Tabora, nimeoa Mluguru. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi Dar ilifungwa, tukajikaza miezi kadhaa, mwisho wife ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi akapata uhamisho tukarudi kwao. Narudia, kwao. Mwanaume mzima na mabegi yangu nikahamia ukweni.

Kwa wasiojua, kwa Waluguru ardhi na nyumba ni vya ukoo wa mama. Hii nyumba mama mkwe kaachiwa na mama yake, na baadaye itakuwa ya mke wangu na dada zake. Mimi hapa ni mgeni wa kudumu. Sisemi kwa ubaya, na mama hajawahi hata siku moja kunifanya nijione hivyo.

Lakini mwenyewe unajua.

Asubuhi wife anaenda kufundisha, binti yetu anaenda shule, mama anabeba jembe anapanda kwenye shamba lake la mboga huko juu. Mimi nabaki naangaliana na kuku. Jirani anapita anauliza, "Mkwe, upo?" Nipo. Kesho yake, nipo. Nikimwamkia mama ananiitikia "Marahaba baba" kwa upole wake ule, na mimi roho inaniuma, kwa sababu najua anamwitikia mtu asiye na la kufanya.

Utajiri sikuutaka wakuu. Nilitaka mama anione nakunywa chai, naaga, naingia kazini kama wanaume wengine. Basi.

Nikapata interview ya kazi ya online. Kampuni ya nje, unahudumia wateja kwa simu na chat ukiwa nyumbani na headset yako. Nikavuka hatua ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilikuwa test ya Jumatatu mchana, na sharti moja liliandikwa kwa herufi nzito: laptop iwe kwenye waya. Wi-Fi hawataki. Software yao inakagua yenyewe, ikikuta Wi-Fi inakutoa nje.

Pia uwe kwenye chumba cha peke yako, mlango umefungwa, wanakuangalia kwa camera.

Internet nyumbani ilikuwepo. Tatizo ni kwamba fundi wa fiber alipokuja alifunga kile kiboksi chake sebuleni, palepale mlangoni alipoingilia, akanywa maji akaondoka. Sisi tunalala chumba cha mwisho kabisa nyuma.

Sasa niwaeleze nyumba, maana bila hivyo mtaniuliza mambo ya ajabu kwenye comments.

Hii nyumba haikujengwa siku moja. Mbele ni sehemu ya bibi wa wife, mawe ya mtoni na udongo, kuta nene kiasi kwamba ukikaa dirishani unakaa kama kwenye benchi. Katikati ni chumba cha mama na stoo, matofali ya kuchoma. Nyuma ni vyumba viwili vya block alivyoongeza kaka wa wife. Kila aliyeongeza aliegemeza kwenye ukuta wa nje wa mwenzake. Kwa hiyo ndani ya nyumba kuna kuta za nje mbili, na ule wa mawe umepanda moja kwa moja mpaka kwenye bati. Wi-Fi ikifika pale inakata tamaa. Repeater ya kusukuma mawimbi niliweka, nayo ikakata tamaa.

Upande wa kushoto ukuta wa jirani umetubana, hata mkono haupiti.

Upande wa kulia njia ilikuwepo. Naomba hili mlishike. Waya ungetoka dirisha la sebule, ukapita nje chini ya ukingo wa bati, mita kama ishirini na tano, ukaingia kwetu. Kazi ya asubuhi moja. Ila njia hiyo inapita juu ya dirisha la chumba cha mama, na anayefunga lazima asimame kwenye ngazi palepale dirishani, agongelee kwenye ukuta wake.

Kwa hiyo ilitakiwa niombe ruhusa. Sentensi moja tu. "Mama, naomba nipitishe waya dirishani kwako."

Wiki nzima ile sentensi ilinishinda.

Kwetu Tabora, na huku pia, chumba cha mama mkwe hukitaji mdomoni. Hukipiti karibu. Ukimsikia yuko ndani unakohoa ukiwa mbali. Sasa nianzeje mazungumzo ya dirisha? Ningeweza kumtuma wife, lakini nikaona atauliza "kwani test hiyo ina uhakika?" na mimi uhakika sikuwa nao. Nikasema ikitokea nimeshindwa, bora mama asijue hata kama nilijaribu.

Ndipo akili yangu ikaniletea dari. Nipite juu, kimya kimya, mama asisumbuliwe, asione ngazi, asione hata vumbi. Nikajiona mtu mwenye adabu kweli kweli.

Adabu yangu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Ijumaa kukawa na msiba mtaa wa juu. Wamama wote wakaenda na visu vyao kumenya na kupika, mama mkwe akiwa wa kwanza. Kwa kawaida msibani hawarudi kabla ya alasiri. Wife shule, binti shule. Nikasema leo ndiyo leo.

Nikaingilia stoo, ambako kuna kipande cha ceiling board kilichokuwa kimeshatoka. Nikapandisha roll la cable, tindo, nyundo, na ule waya mgumu ambao mafundi umeme huutumia kuvuta nyaya ndani ya bomba. Simu nimeiwasha tochi nimeing'ata mdomoni.

Wakuu, juu ya dari za watu kuna mambo. Vumbi la miaka, vinyesi vya popo, kiota cha panya chenye kipande cha kanga, joto la bati. Nafasi yenyewe huwezi kukaa, unalala kifudifudi unasogea kwenye zile mbao kama mjusi. Nilitaraji kusukuma ule waya mgumu kutoka stoo mpaka sebuleni bila kwenda mbali, lakini kila nikisukuma unagota kwenye ukuta wa mawe. Nikasukuma kulia, unagota. Kushoto, unagota. Jasho linaniingia machoni, nikaanza kumlaumu bibi wa watu aliyejenga ukuta mpaka kwenye bati, marehemu wa Mungu ambaye hakuwahi kujua internet ni nini.

Ikabidi niende mwenyewe mpaka ukutani. Maana yake nivuke dari ya chumba cha mama, yote.

Nikavuka. Nikagonga tindo karibu saa nzima kwenye udongo wa katikati ya mawe, tundu likatokea upande wa sebule. Nikapenyeza cable. Nilifurahi wakuu, sitaficha. Nikajiona Jumatatu niko mezani na headset.

Mvua ikaanza.

Mnaoishi Morogoro mnaijua mvua ya mlimani. Haipigi hodi. Ikipiga bati na wewe uko chini yake kwa nusu mita, husikii hata mawazo yako. Nikaanza kurudi kinyumenyume, miguu inatangulia, huku navuta cable taratibu isijikunje. Na sehemu moja bati lilikuwa linavuja, board imelowa imekuwa laini kama mkate kwenye chai. Mimi sioni nyuma. Nikapeleka mguu nikidhani pana ubao.

Hapakuwa na ubao.

Mguu wangu wa kulia ukashuka mpaka pajani. Mguu uko chumbani kwa mama mkwe, mimi niliyebaki niko darini.

Nikasikia sauti moja tu kutoka chini. "Yarabi!"



Mama alikuwa amerudi. Mvua ilimlowesha kulekule msibani, akaja kubadili nguo. Mimi kwa kelele ya bati sikusikia mlango, na yeye hakujua kama juu yake kuna mtu. Nimekuja kuyajua hayo baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mama yuko chini yangu, na mguu wangu unaning'inia mbele yake.

Nikauvuta. Suruali ikachanika, kandambili ikabaki kulekule chini.

Naapa sikuona kitu. Nilikuwa nimelalia kifua, uso umeelekea upande wa mbele, macho yamejaa vumbi. Sikuona hata kitanda. Nililala pale juu mpaka nikasikia mlango wa nje unafungwa. Akaondoka kwenye mvua ileile.

Wife aliporudi nikamweleza. Mwanzo alicheka, ile ya mguu kuning'inia. Kisha akaacha kucheka.

"Alikuwa anabadili nguo?"

"Sijui. Sikuona."

"Usimwambie mtu hivyo. Usiseme chochote, umenisikia? Subiri."

Mama alilala kwa kaka yake, Mjomba Salumu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao. Mimi badala ya kusubiri kama nilivyoambiwa, nikakaa natunga hotuba. Nikasema mwanaume hujitetea mwenyewe, hukabili kosa lake uso kwa uso. Maneno ya Dar hayo. Ofisini ukikosea unamfuata bosi unasema samahani, yanaisha.

Jumamosi asubuhi mama akarudi. Alikuja na Mjomba Salumu na wamama wawili aliokuwa nao msibani. Mimi sikungoja hata wakae. Nikatoka uani, nikapiga magoti mbele yao wote, nikasema kwa sauti, "Mama, nisamehe. Wallahi sikuona kitu."

Wale wamama wakaangaliana.

Hawakuwa wanajua, wakuu. Mama hakuwa amewaambia. Wao walidhani dari imeanguka kwa mvua. Mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, ndiye niliyewatangazia kwamba palikuwa na cha kuonwa.

Mama akavuta kanga yake mpaka usoni, akaingia ndani. Mjomba akanishika mkono akanipeleka nyuma ya banda la kuku.

"Mkwe, nani kakuuliza umeona nini?"

Nikaangalia kuku.

"Mshenga wako amekufa?"

"Hapana mjomba. Yupo Kihonda."

"Sasa si ndiyo kazi yake hiyo? Angekuja yeye, angekaa na mimi, tungesema dari imeoza, tungeziba. Mama yenu angeendelea kukaa kwake. Haya maneno uliyoyasema mbele za watu, mimi nitayaziba na nini?"

Kwa vijana ambao hamjaoa: mshenga ni yule mzee aliyepeleka posa yako. Mimi nilidhani kazi yake iliisha siku ya ndoa. Kumbe mshenga ni wa maisha. Mambo kati yako na wakwe, hasa ya aibu, hayapiti mdomoni mwako, yanapita kwake. Mshenga wangu, Mzee Kondo, yuko hapahapa mjini. Ningempigia simu Ijumaa ileile angekuja na bodaboda kabla ya magharibi. Sikumpigia kwa sababu niliona aibu, na pia, niseme ukweli, niliona ni mambo ya kizamani.

Hapo sasa ndipo nilipokwama mpaka leo. Siwezi kuomba msamaha, maana kuomba ni kutaja. Nikisema sikuona, nataja alivyokuwa. Nikinyamaza, naonekana nimeona na nimeridhika. Hata nyinyi hapa, kwa kuwasimulia tu, nimeshamkosea tena.

Mama aliondoka mchana wa siku ile, akaenda kwa dada yake milimani, upande wa Kinole. Huko pikipiki inafika mahali inaishia, unamalizia kwa miguu. Mwanamke wa umri wake, na mfuko wa nguo kichwani. Alipopita uani nikasimama nikasema shikamoo mama. Aliitikia, ila aliitikia akiangalia migomba.

Mwenye nyumba kaondoka, mkwe kabaki.

Jumapili Mjomba Salumu akaja na ufunguo wa chumba. Akanipa mkononi.

"Mama yenu kasema mtihani wako ni kesho. Pitisha waya unapotaka, hata chumbani kwake."

Nikamuuliza, kajuaje habari za mtihani?

"Anajua tangu mwezi uliopita. Mke wako alimwambia. Alikuwa anakuombea dua kila swala, akawa anashangaa mbona husemi."

Wakuu, ile sentensi iliyonishinda wiki nzima, jibu lake lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo muda wote. Nilikaa kwenye kizingiti cha stoo nikalia, mtu wa ndevu, Mjomba ananiangalia na hanizuii.

Kazi iliyobaki ilichukua nusu saa. Niliingia chumbani kichwa chini, nikaupitisha waya pembeni ya ukuta, nikaziba tundu la dari, nikafunga vichwa vya cable, nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka palepale.

Jumatatu nikafanya test. Waya haukukatika hata sekunde. Jumatano wakaniandikia nimepita.

Najua mlitaka nishindwe ili habari inyooke. Mimi mwenyewe ningeshukuru. Ningekuwa na kitu cha kulilia kinachoeleweka.

Sasa hivi kila asubuhi nakunywa chai, naingia kazini kama nilivyotaka. Hakuna wa kumuaga. Nawaitikia wageni wa nchi za watu kwa sauti laini, naomba radhi kwa makosa ambayo hata siyo yangu, wananielewa, wananipa nyota tano. Binti anarudi shule anakuta mlango wa bibi yake umefungwa, anaingia kwetu ananionyesha kwa ishara kwamba ana njaa, maana keshafundishwa baba akiwa na headset asiongeleshwe. Wife anaongea na mimi yale ya lazima: gesi imeisha, mtoto ana homa, umefunga geti. Hajanilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Juzi nikampigia Mzee Kondo hatimaye, nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Umenipigia umechelewa baba, lakini nitaenda." Akaenda, na umri wake ule akapanda mlima. Jana karudi kuniletea majibu.

Mama amesema amenisamehe tangu siku ile. Kinyongo hana, dua bado ananiombea. Ila hawezi kurudi kukaa nyumba moja na mimi, kwa sababu kila akiniona atakumbuka, na kila nikimwona ataona nakumbuka. Hakusema niondoke. Mzee Kondo alilirudia hilo mara mbili, kwamba hakusema.

Lakini amezaliwa humu. Mboga zake zinaota magugu. Kuku wake nawalisha mimi.

Jana jioni nikamwambia wife tuhame, tupange chumba mjini, mama arudi kwake. Akasema yeye na mtoto watabaki wamsubiri mama, kwa sababu mama akirudi asikute nyumba tupu. Sikubishana. Ni kwao.

Somo nililopata, kwa anayelitaka: kumkwepa mtu tusiite heshima. Mimi niliogopa, nikaupa woga jina zuri. Ukiwa ukweni, omba. Ukishindwa kuomba, mtume mkeo. Ukiharibu, funga mdomo na umpigie mshenga kabla hujafuta vumbi usoni.

Waliowahi kukosana na mama mkwe kwa jambo lisilosemeka wakaja kukaa tena pamoja, naomba mseme hapa chini ilichukua muda gani. Hata wa kunitukana nawakaribisha, nimejitukana mwenyewe mpaka nimechoka. Na mwenye kujua chumba kimoja cha kupanga mjini chenye fiber, aniandikie inbox. Cha mtu mmoja kinatosha.